Wa Tatu, Polepole

Wiki iliyopita mjukuu wa jirani yangu alipasua betri kuukuu ya redio kwa jiwe, hapa hapa uani kwangu. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, na ule unga mweusi ulipomwagika kwenye tope ukatoa harufu ambayo sikuwa nimeinusa kwa miaka mingi sana. Nilikuwa nachambua maharage. Niliweka ungo chini katikati ya kazi. Mtoto akaniuliza kama nimekasirika. Nikamwambia hapana, akanawe mikono tu.

Nyie mliosoma shule za matofali mabichi miaka ile mnaijua hiyo harufu. Kila Ijumaa tulibeba betri zilizokwisha nguvu kutoka nyumbani, tukazitwanga, tukachanganya unga wake na majani ya viazi vitamu, tukaupaka ubao mpaka ukawa mweusi kama chungu. Jumatatu chaki ya Mwalimu iliandika vizuri, na darasa zima lilinukia betri na majani mabichi. Mbele ya ubao ule ndipo nilipojifunza kuogopa Kiingereza. Sisemi ni kwa sababu ya fimbo. Fimbo niliizoea.

Tulikuwa tunaishi Litapunga, kwenye makazi ya wakimbizi. Wazazi wangu walikuja wakiwa vijana kutoka Burundi, wakapewa msitu, wakaufyeka, wakalima mihogo, mahindi na tumbaku kidogo. Nyumbani tulikuwa watoto watatu: mimi, mdogo wangu Evelina, na Yosia aliyekuwa bado anajifunza kuvaa kaptula bila kuingiza miguu yote upande mmoja. Lakini Mama hakuruhusu tuhesabiwe kwa sauti. Mgeni akiuliza, "Una watoto wangapi, mama?" alijibu, "Wapo, Mungu anawajua." Siku moja nilianza kutuhesabu kwa kidole, akanipiga mkono. "Mbuzi ndio wanaohesabiwa," alisema. "Ukimhesabu mtu, unamwonyesha njia anayetafuta idadi." Sikumuuliza ni nani huyo anayetafuta idadi. Niliogopa kwamba angenijibu.

Mimi naitwa Chiza. Kwetu jina hilo hupewa mtoto anayezaliwa baada ya mapacha. Mapacha wenyewe, Bukuru na Butoyi, sikuwaona. Nilijua tu kwamba waliishi siku chache, na kwamba jina langu lilikuwa limesimama nyuma yao.

Darasa la tano tulifundishwa Kiingereza na Mwalimu Gervas, mtu mrefu, mpole, mwenye baiskeli isiyo na mlio kwa jinsi alivyoipaka mafuta. Hakuwa na vitabu vya kutosha, kwa hiyo alichora jedwali ubaoni. Upande wa kushoto aliandika watu: baba yangu, mama yangu, kaka yangu, mimi. Safu ya pili aliandika maneno madogo ya kuonyesha jambo hutokea kwa kiasi gani: always, usually, nearly, never. Safu ya tatu kulikuwa na neno moja tu, came. Na mwisho kabisa, upande wa dirisha, namba za mpangilio: first, second, third. Kila mtu alisimama kwa zamu na "kutembea", ndivyo alivyoita, kutoka ukutani hadi dirishani, akichukua neno moja katika kila safu.

"Chiza! Tembea."

Nikasimama. "My father always came first."

"Maana yake?"

"Baba yangu alifika wa kwanza siku zote."

"Mmesikia? Siku zote imekaa katikati, kabla ya kitendo. Namba imekaa mwisho. Ukizihamisha, mimi na wewe tutaonana."

Masanja, mtoto wa wafugaji wa Kisukuma niliyekaa naye dawati moja, akanyoosha mkono. "Mwalimu, alifika wa kwanza wapi?"

Darasa likacheka.

"Popote. Shambani, kisimani, kanisani. Sentensi haiulizi wapi, Masanja. Wewe ndiye unayeuliza sana."

Nilikaa chini nikiwa na furaha. Nilirudi nyumbani nikiimba sentensi yangu njia nzima, nikamsomea Baba akiwa anachonga mpini. Alitabasamu ingawa hakuelewa. Kisha akakohoa, akaweka kisu chini, akakohoa tena.

Kilikuwa kifua. Nadhani kilikuwa kimemwanza muda mrefu kabla ya sentensi yangu, lakini mtoto hajui habari za kabla. Ninachojua ni kwamba kabla mahindi hayajakauka shambani, tulimzika Baba. Mzee wa kanisa alisimama kaburini akasema, "Ndugu yetu ametangulia. Sisi tuko nyuma yake, kila mmoja kwa zamu yake." Watu wakasema amina. Ametangulia. Wa kwanza. Mimi ndiye niliyesema, kwa sauti, mbele ya darasa zima, na nikasifiwa.

Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani? Mama angejua kwamba nimewahesabu watu wa nyumba yake, tena kwa lugha ambayo yeye hakuweza kuisikia na kunizuia.

Niliporudi shuleni nilikuta jedwali bado liko pale pale. Nilijikunyata ubavuni kwa Masanja. Siku ya tatu fimbo ya Mwalimu ikagonga mstari wa mama, kisha ikanyooka kunielekea.

Nilikuwa nimejiandaa. Usiku kucha nilikuwa nimechagua neno la katikati litakalomkinga. "My mother never came second," nilisema haraka, na nikashusha pumzi. Kamwe. Mama yangu kamwe hakufika wa pili. Nilihisi kama nimefunga mlango kwa komeo.

"Imetembea vizuri," Mwalimu akasema. "Lakini mama Chiza ninayemjua mimi ni mchapakazi. Kamwe? Hajawahi kufika hata wa pili?"

Watu wakacheka. Masanja akanong'ona, "Labda huwa analala."

"Sema usually. Mara nyingi."

"Mwalimu, naomba ibaki hivyo."

"Chiza." Hakupandisha sauti. Alitaja jina langu tu, kama mtu anayemhurumia mfiwa na kutaka ajitahidi. Leo ninaelewa kwamba alikuwa ananihurumia. Siku ile niliona amefungua komeo langu kwa mkono wake mrefu.

"My mother usually came second," nikasema.

Mama aliugua mvua za kwanza zilipoanza. Wanaume wawili walimweka kwenye baiskeli, mmoja akisukuma na mwingine akimshikilia mgongo, wakampeleka hospitali Mpanda. Alinyoosha mkono kutuaga, na kanga yake ikaburuzika kidogo kwenye majani yenye maji. Walimrudisha siku ya nne, amefunikwa.

Masenge, dada yake Baba, alikuja kutoka Mishamo akakaa nasi wiki nzima ya msiba. Alikuwa mwanamke mkubwa, mwenye sauti inayosikika nyumba ya tatu, lakini mkono wake ulikuwa mpole kwa watoto. Asubuhi ya kuondoka alituketisha mbele ya mlango.

"Chiza, nisikilize. Bukuru na Butoyi walitangulia wakiwa wachanga. Wewe ni wa tatu katika tumbo la mama yako. Lakini kwa hawa wadogo, wewe ndiye mama sasa. Umenielewa?"

"Ndiyo, Masenge."

"Nikimaliza kuvuna nitarudi kuona mnaishije. Nikikuta mnashindwa, nitawagawa kwa ndugu, mmoja huku, mmoja kule. Sipendi. Lakini sitawaacha mfe."

Aliendelea kusema, kuhusu unga na kuni na mlango. Mimi nilikuwa nimebaki kwenye neno moja. Wa tatu. Kwa hiyo haikuwa Yosia, niliyekuwa namlinda usiku nikisikiliza pumzi zake. Haikuwa Evelina. Baba alikuwa wa kwanza, Mama wa pili, na wa tatu alikuwa ameshatajwa mbele ya mlango, kwa sauti, na mtu mzima.

Januari tuliingia darasa la sita. Mwalimu Gervas alisema tuanze na marudio, akachora jedwali lile lile kwenye ubao uliopakwa upya. Alianzia dawati la nyuma. Nilisikia sentensi za wenzangu zikitembea moja baada ya nyingine kutoka ukutani hadi dirishani: baba za watu, mama za watu, kaka za watu, wote wazima majumbani kwao. Ikafika zamu yangu. Fimbo ikagusa neno la mwisho katika safu ya watu, lile fupi kuliko yote. I. Mimi. Na katika safu ya namba ilikuwa imebaki moja ambayo bado sikuwa nimeisema.

"Chiza, tembea."

Nilitembea kweli. Nilichukua daftari langu, nikapita katikati ya madawati, nikatoka nje. Masanja akasema, "Huyu anaenda wapi?" Hakuna aliyenifuata. Sikurudi tena katika darasa lile wala jingine lolote.

Watu walisema nimeacha shule ili nilee wadogo zangu. Mzee wa kanisa alinitaja Jumapili mbele ya waumini kama mfano. Niliinamisha kichwa, na nimekiacha kimeinama tangu siku hiyo kila mtu anaponisifu kwa jambo hilo. Niliacha shule kwa sababu niliogopa kusema sentensi moja.

Lakini kuikwepa sikuona kama ni kupona. Niliona ni kuchelewesha. Nilipata kazi kwa jirani mwenye mabani mawili ya kukaushia tumbaku. Nilifunga majani mabichi kwenye vijiti tangu asubuhi hadi jua linapoinama, nikalipwa unga. Mikono ikifanya kazi, kichwa kilikuwa kinatembea kwenye jedwali, kikitafuta neno la katikati la kunisaidia. Nearly nililikataa. Mwalimu alikuwa ametuambia maana yake ni karibu, na mimi sikutaka chochote kilichokuwa karibu. Never nililijua tayari, Mwalimu alikuwa ameliondoa, likashindwa kumlinda Mama. Mwishowe nikakumbuka neno ambalo halikuwamo hata kwenye safu, tulilolisoma darasa la nne katika habari za kobe. Nikaliweka katikati mwenyewe. I slowly came third. Wa tatu, sawa, lakini polepole. Nilisema hivyo kwa kila kijiti, kama mtu anayeomba mkopeshaji asogeze siku.

Kisha ikaja asubuhi yenye umande mwingi. Majani yalikuwa yamelowa, na maji yake yalinitiririka mikononi hadi kwapani. Kabla ya saa nne kichwa kilianza kuzunguka. Nilitapika nyuma ya bani, nikatapika tena, miguu ikitetemeka kama ya mbuzi aliyezaliwa jana. Leo mtu yeyote anayelima tumbaku atakwambia ni sumu ya majani mabichi, lala kidogo, kunywa maji, itapita. Mimi nilishika ukuta wa bani, nikasema moyoni: imefika.

Siku hiyo hiyo nilianza kumfundisha Evelina.

Alikuwa na miaka tisa. Nilimfundisha kuloweka mihogo, ile michungu, na kungoja mpaka ilainike yote, asiitoe mapema hata kama njaa inauma, kwa sababu mihogo ile inaua. Nilimfundisha kumfuta Yosia kwa kitambaa cha maji homa ikipanda, na kuvunja kidonge cha malaria nusu, na kukificha ndani ya ndizi. Nilimwonyesha mahali ilipofukiwa mbegu ya mahindi ndani ya kibuyu. Nilimfundisha kulisha moto bila kumaliza kuni, kusimama mlangoni mtu mzima asiyemjua akija, na namna ya kumjibu Masenge: macho chini, maneno machache, "tunaendelea vizuri, Masenge." Nilimfundisha kwa haraka. Kila nilipokohoa nilimfundisha mawili kwa siku.

"Rudia. Mihogo inakaa majini mpaka lini?"

"Mpaka iwe laini."

"Laini vipi?"

"Ukiibonyeza kidole kinaingia."

"Na Yosia akilia kwamba ana njaa?"

"Namwacha alie."

"Vizuri. Sasa ugali."

Mwanzoni alishika kila kitu. Nililala nikiwa na hofu, lakini hofu yenye mpango. Kisha, mwezi wa pili ukielekea mwisho, Evelina akaanza kuharibika. Alimwaga mboga. Alisahau kuni mvuani. Aliulizwa kuhusu kidonge akasema robo, kesho yake akasema kizima. Ugali wake, ambao ulikuwa umeshaanza kuwa ugali, ukawa uji wenye mabonge, au unga mbichi uliofunikwa na ganda gumu. Nilimwonyesha tena. Akaharibu tena. Siku moja nilimpiga kofi, mimi ambaye sikuwahi kumpiga. Alinitazama bila kulia, akachukua mwiko akaendelea kusonga vibaya vile vile.

Hapo ndipo nilipoogopa kuliko siku zote. Niliwaza: nitaondoka, na huyu atampa Yosia mihogo isiyolainika. Niliwaona wote wawili wamelala sakafuni. Niliona Masenge akifungua mlango. Usingizi ulinikimbia kabisa.

Alasiri moja baiskeli ya Mwalimu Gervas ilisimama mbele ya nyumba bila mlio wowote, hata nikashtuka nilipoinua macho. Nilikuwa natwanga. Nilimpa kigoda.

"Hujambo, Chiza."

"Sijambo, Mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba. Nafasi yako bado iko. Masanja anajaza dawati zima kwa viwiko vyake."

Sikucheka. Aliangalia mikono yangu iliyogeuka kuwa ya kahawia kwa utomvu wa tumbaku.

"Mwalimu," nikasema, "zile sentensi za jedwali. Mtu akishaisema, anaweza kuirudisha?"

"Sentensi gani?"

"Zile za wa kwanza, wa pili."

Alinitazama kwa wema, na nikaona kabisa usoni pake kwamba hakumbuki hata moja. "Ah, zile! Zile ni za mazoezi tu, mama. Nimeshafundisha nyingine nyingi baada ya hapo. Usiogope, ukirudi utazishika." Akasimama, akapangusa suruali. "Halafu nikupongeze kwa huyu mdogo wako. Mwalimu wa darasa la tatu anasema hajapata mtoto kama yeye. Ukimwambia jambo mara moja, basi. Kila jaribio anaongoza."

Alipanda baiskeli akaondoka. Nilibaki nimeshika mchi.

Jioni ile Evelina alipika. Nilikaa kwenye kizingiti, nikamwangalia kwa makini kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Maji yalipochemka alitia unga vizuri kabisa, akakoroga vizuri kabisa. Kisha akageuza shingo kidogo kuona kama namtazama. Akatia unga mwingine mkavu katikati, akaufunika, akaepua.

"Evelina."

"Abee, dada."

"Unajua kupika ugali."

Alikaza macho kwenye sufuria.

"Na kidonge unajua ni nusu. Mwalimu amesema ukiambiwa jambo mara moja unalishika."

"Mwalimu muongo."

"Kwa nini unafanya hivi? Unataka Masenge aje atugawe?"

Aliweka sufuria chini. "Nikishajua vyote, utaondoka."

"Niondoke niende wapi?"

"Kule alikoenda Mama." Alisema kwa sauti ndogo, haraka, kama mtu anayetoa mwiba. "Mama naye alinifundisha. Kabla hajapanda baiskeli. Alinifundisha kufua nguo za Yosia, akasema haya, sasa unajua, akaenda. Mimi sitajua. Unipige tu. Sitajua kitu, dada, hata ukinifundisha mpaka uchoke, sitajua."

Yosia alikuwa amekaa katikati yetu, ameshika kijiko, anatuangalia kwa zamu. "Ugali," alisema.

Nilijaribu kumjibu Evelina. Nilitaka kumwambia kwamba mimi sina uwezo wa kuchagua, kwamba mambo yameshapangwa kwa mstari na mimi ndiye ninayefuata. Niligundua kwamba nikisema hivyo nitakuwa nimemwekea mtoto huyu mgongoni kitu kile kile kilichonivunja mimi. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo sikulitarajia. Miezi yote ile nilikuwa nahesabu watu waliokuwa mbele yangu. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtu nyuma yangu ameshika nguo yangu kwa mikono yote miwili, anavuta.

"Leta sahani," nikasema.

Nilikula ugali ule mbichi wote, mabonge yote, na unga mkavu wa katikati. Yosia nilimkaangia viazi. Evelina alikaa karibu sana nami, goti lake likinigusa, akinitazama nikitafuna.

Kesho yake nilipika mwenyewe, na siku iliyofuata pia. Sikumfundisha tena kitu chochote. Sitawadanganya kwamba hofu iliondoka. Kila nilipokohoa nilisimama kusikiliza, na nilifanya hivyo mpaka nikawa mtu mzima. Lakini nilikuwa nasimama na kusikiliza huku nakoroga chungu, kwa sababu nisipokoroga hakuna ambaye angekoroga. Masenge alikuja baada ya mavuno, akatukuta watatu, akala, akaangalia kila kona ya nyumba, akatuacha watatu.

Evelina alisoma mpaka akawa mwalimu. Aliolewa Usevya, na mwezi wa kwanza tu wa ndoa mama mkwe wake alinifuata mpaka Litapunga, amekasirika, kanga imefungwa kiunoni.

"Wewe ndiye dada yake?"

"Ndiye mimi, mama. Karibu."

"Sikai. Nimekuja kuuliza. Msichana mkubwa hivi, msomi, hajui kusonga ugali! Umemleaje huyu mtoto?"

Nilimwambia ukweli, kwamba kosa ni langu, niliacha kumfundisha. Kisha nikamshika mkono nikamketisha, nikaenda jikoni kumpikia.